Sura ya Tano: Amana ya Mnakili wa Khati za Ndoa

Miongoni mwa karatasi zote walizotuachia wazee wa pwani yetu, nazo si chache, kuanzia barua za biashara na hati za mashamba ya mikarafuu hata wasia na tenzi, hapana iliyokusanya watu wengi mahali padogo kama mstari mmoja wa daftari la ndoa. Kwani ndani ya mstari huo, ambao pengine hauzidi urefu wa shubiri mbili, yumo mume na baba yake, yumo mke na baba yake, yumo walii aliyeozesha, wamo mashahidi wasiopungua wawili, na yumo kadhi au karani aliyeshika kalamu. Barua humtaja aliyekuwa na mali au safari, na wasia humtaja aliyekuwa na cha kurithisha, lakini ndoa ilimfikia tajiri na maskini, mwungwana na mtumwa, mwenyeji na mgeni wa kaskazi, na kwa hivyo mtu ambaye hakupata kuandikwa popote pengine maishani mwake huenda jina lake limehifadhiwa kwa sababu ya siku aliyooa au kuolewa, au kwa sababu ya siku aliyokaa mkekani kushuhudia ndoa ya jirani.

Naliweka mbele neno ambalo sura hii yote imesimama juu yake. Anayenakili khati ya kale ili ukoo wake au ukoo wa mwenziwe upate kujua ulikotoka amepokea amana, na amana hiyo haitimizwi ila kwa kuandika kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, pamoja na kosa lake na upungufu wake, kisha mahali pengine palipotengwa kando kuandika kile alichokifahamu yeye. Mambo haya mawili yakichanganywa, msomaji wa pili, ambaye pengine hatapata kuliona daftari lenyewe kwa kuwa mchwa au maji yatakuwa yamekwisha litangulia, hana tena njia ya kujua lipi ni la kadhi na lipi ni la mnakili. Na dhana ya siku moja hurithiwa na wajukuu kana kwamba ni ushahidi.

Kabla ya kushika kalamu inafaa kujua kwa nini madaftari haya yapo, na kwa nini mahali pengi hayapo. Ndoa ya Kiislamu haikuhitaji karatasi ili isihi: nguzo zake ni mume na mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali, na wino haumo. Maelfu ya ndoa za Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Bagamoyo zilifungwa sawasawa, zikaishi, zikazaa, zikavunjika kwa talaka au mauti, bila mtu yeyote kuandika herufi. Asiyeliona jina la bibi yake daftarini, basi, asidhani kwamba bibi hakuolewa. Serikali ndiyo iliyotaka maandishi, na katika himaya ya Mwingereza upande wa Kenya sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitolewa mwaka 1906. Na huko Unguja, ambako makadhi wa Ibadhi na makadhi wa Shafii walihukumu bega kwa bega chini ya masultani na baadaye chini ya himaya iliyoanza mwaka 1890, sehemu ya makaratasi ya mahakama zao imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Kwa upande wa Wakristo desturi ya daftari ni ya kale zaidi, maana Kanisa Katoliki liliwaamuru mapadri waandike ndoa tangu Mtaguso wa Trento mwaka 1563, na mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863 na kuanza Bagamoyo mwaka 1868 walikuja nayo desturi hiyo. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambao jiwe la msingi la kanisa lao la Mkunazini liliwekwa mwaka 1873 pale pale palipokuwa soko la watumwa, na wale wa misheni ya CMS waliofungua Freretown mbele ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, nao waliandika. Watu waliowaozesha wengi walikuwa wametolewa majahazini na manowari za Kiingereza, vijana waliotekwa bara wakiwa wadogo, na ndoa yao mbele ya padri mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza inayowataja kama watu wenye nyumba yao wenyewe.

Tulitazame sasa daftari la kadhi, na ndani yake tuanze na walii, kwa kuwa hapo ndipo penye hazina kubwa na hapo ndipo wanapopotea wengi. Mnakili asiye na elimu ya jambo hili huona jina la mwanamume limeandikwa karibu na jina la bibi harusi, akaamua moja kwa moja kwamba huyo ni baba. Ilhali fikihi ya Shafii, ambayo ndiyo iliyofuatwa na Waswahili wengi, imeupanga uwalii kwa daraja: kwanza baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja, kisha ndugu wa baba mmoja, kisha watoto wao wa kiume, kisha ami na wanawe. Na akikosekana mtu wa nasaba, uwalii humwendea aliyemwacha huru mwanamke huyo kama alikuwa mtumwa. Na akikosekana huyo pia, humwendea kadhi. Zaidi ya hayo, walii aweza kumpa mtu mwingine wakala wa kuozesha, na wakili huyo huenda hana udugu wowote na bibi harusi, ni imamu wa msikiti wa mtaa tu au mtu anayejua vizuri kulitamka neno la ndoa.

Ukiijua daraja hii, mstari mmoja unaanza kusema mambo ambayo karani hakukusudia kuyasema. Bibi harusi aliyeozeshwa na nduguye ana baba na babu waliokwisha fariki, au wako mbali wakampa ndugu huyo wakala, au wana udhuru wa kisheria unaowazuia. Na kama mwaka wa ndoa unajulikana, mtafiti huenda amepata mpaka wa kuutafutia mwaka wa kufa kwa baba, jambo ambalo pengine hapana karatasi nyingine inayolisema. Aliyeozeshwa na ami ana ushahidi wa ukoo wa upande wa kuumeni hata kama jina la ami halijapata kusikika nyumbani. Aliyeozeshwa na kadhi huenda alikuwa mgeni asiye na jamaa mjini, na hapo swali la kwenda nalo kwa wazee ni: alikuja na nani, kutoka wapi? Na aliyeozeshwa na bwana aliyemwacha huru amebeba ndani ya mstari wake taarikhi nzima ya bara na bahari. Mnakili atakayeandika jina la bwana huyo mahali pa baba atakuwa amempa mwanamke yule nasaba isiyo yake na kumfutia ile yake halisi, jambo ambalo sheria ya Kiislamu yenyewe imelikataza, maana mtu hanasibishwi ila kwa baba yake.

Kuna na jina la Abdallah. Tangu zamani, katika nchi nyingi za Kiislamu, mtu ambaye baba yake hakujulikana au hakuwa Mwislamu aliweza kuitwa mwana wa Abdallah, kwa kuwa watu wote ni waja wa Mungu. Kwa hivyo mabinti Abdallah watano katika ukurasa mmoja si lazima wawe ndugu, na anayewaunganisha chini ya baba mmoja kwa sababu tu jina limelingana atapata ukoo mkubwa ambao haukupata kuwako. Kadhalika majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka na Zafarani yalipewa sana watumwa, lakini hayakuwa yao peke yao, na jina moja bila ushahidi wa pili halitoshi kumhukumia mtu hali yake.

Baada ya watu huja mwandiko wenyewe. Khati ya Kiarabu inayoandikwa kwa haraka huangusha nukta, na bila nukta ba, ta, tha, nuni na ya zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno ni jino lile lile moja. Hasani na Huseni hutengwa kwa jino moja na nukta zake mbili. Zaidi na Zuberi hukaribiana mno. Na baina ya bin na binti ipo herufi moja tu ya mwisho, ambayo mkono uliochoka huikunja ikafanana na mkia wa nuni, na hapo mwana wa kike akageuka wa kiume machoni pa asiyetazama sana. Ikiwa karani aliandika maneno ya Kiswahili kwa herufi hizo, ugumu unaongezeka, kwa sababu khati ya Kiarabu haikuwa na mahali pa sauti zetu zote: ba moja ilibeba b, p na mb, fa ilibeba f na v, ghaini ilibeba g, ng na ng', na irabu, pale zilipoandikwa, hazikutenga e na i wala o na u. Jina la kijiji au la mtu wa bara, ambalo karani mwenyewe alilisikia mara moja tu, laweza kusomwa kwa njia nne au tano, zote zikiwa halali. Mnakili mwaminifu huandika kiunzi cha herufi kama kilivyo, kisha chini yake huzitaja njia zote zinazowezekana, na hachagui moja mpaka apate sababu iliyo nje ya hamu yake. Tena asishangae kukutana na jina la mahali asilolijua kwa Kiswahili; Pemba katika maandishi ya Kiarabu huitwa al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na wapo waliohangaika kukitafuta kisiwa hicho katika ramani za Uarabuni.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mombasa ilikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyemsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, na ambaye kwa kuuona upungufu wa herufi za Kiarabu mbele ya sauti za Kiswahili alijitahidi kutafuta alama za kuupunguza. Na Lamu ilikuwa na Muhammad Kijumwa, mnakili aliyeishi hata miaka ya 1940, ambaye nakala zake za tenzi zimo leo katika maktaba za London. Bila watu wa namna hii sehemu kubwa ya fasihi ya pwani ingalikufa pamoja na karatasi zake. Anayenakili daftari la ndoa anaikalia mikeka ile ile waliyoikalia wao, na adabu ya kazi aifuate.

Taarikhi ni mlango mwingine wa kupotea. Kadhi aliandika mwaka wa Hijra, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, hata miaka 33 ya Hijra ikawa sawa na miaka 32 ya Miladi. Na mwaka 1300, kwa mfano, ulianza Novemba 1882, kwa hivyo ndoa nyingi za mwaka huo ni za 1883. Karani aliyependa desturi ya kwao aliweza kuhesabu miezi kwa Kiswahili tangu kwisha kwa Ramadhani: Mfungo Mosi ndio Shawwali, Mfungo Pili ndio Dhulqaada, Mfungo Tatu ndio Dhulhijja, na kuendelea hata Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Asiyejua hudhani mwaka huanza Mfungo Mosi, kumbe mwaka wa Hijra huanza Muharrami, ambao ni Mfungo Nne, na kwa kosa hilo ndoa ya Mfungo Mosi hupelekwa mwaka usio wake. Siku nayo huanza magharibi. Ndoa iliyoandikwa kuwa ilifungwa usiku wa Ijumaa ilifungwa usiku ule ambao sisi leo tungeuita Alhamisi usiku, na tofauti ya siku moja yatosha kuwafanya watu wawili wenye daftari mbili wagombane bila sababu.

Pamoja na hayo siku ya juma ni rafiki wa mnakili. Ikiwa karani ametaja siku, na tarehe, na mwezi, na tarakimu ya mwaka imefifia, hesabu ya kalenda yaweza kuutambua mwaka, kwani si kila mwaka tarehe ile iliangukia siku ile. Lakini aache nafasi ya siku moja mbele au nyuma, kwa kuwa mwezi ulianza kwa kuandama na si kwa jedwali. Tena azichunge tarakimu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, na uchafu wa nzi ni nukta. Tano ya Kiarabu ina sura ya sifuri yetu. Na katika khati ya haraka tatu huandikwa kwa kupinda mara moja tu, ikafanana na mbili ya vitabu vilivyopigwa chapa, ilhali mbili yenyewe hunyooka ikakaribia kuwa mstari. Kwa njia hii mahari ya riale 30 huwa 20, na msichana hupunguziwa miaka kumi. Dawa yake ni kuitafuta tarakimu ile ile mahali pengine palipo na yakini, kama vile katika nambari za kurasa au katika mfululizo wa tarehe, na kumsoma karani kwa karani mwenyewe.

Mahari yana faida yake, ingawa nisingependa mtafiti ayategemee mno. Riale iliyotajwa kwenye khati za zamani ndiyo ile fedha ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780, uliobaki juu yake hata ilipoendelea kupigwa karne mbili baadaye. Rupia ilitumika Unguja mpaka shilingi ilipochukua mahali pake mwaka 1936, nayo bara ilikuwa imekwisha ondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Andika fedha iliyotajwa, usiigeuze. Kiasi cha mahari kilitegemea pia kama bibi harusi alikuwa bikira au aliwahi kuolewa, na neno hili la pili likitajwa, mnakili asilipite haraka, maana linamwambia mtafiti kwamba nyuma ya ndoa hii ipo nyingine, na pengine watoto wengine, na talaka au mauti ambayo daftari lingine laweza kuwa limeyaandika.

Madaftari ya misheni yana mitego ya namna nyingine, nayo aghalabu hutokana na sikio. Mfaransa wa Bagamoyo alipolisikia jina Shomari aliweza kuliandika Chomari, Mjerumani Schomari, Mwingereza Shomari, na wote watatu walikuwa wakimwandika baba mmoja. Uledi wa Mfaransa ni Ouledi. Juma wa Mjerumani huenda ni Djuma, na y yetu kwake ni j. Mnakili anayezisawazisha tahajia hizi wakati wa kunakili, kwa nia njema ya kumrahisishia msomaji, anaifuta alama inayoonyesha ni nani aliyeandika na alisikia nini. Wajerumani wa misheni za bara walikuwa na mwandiko wao wa kale, ambamo e hufanana na n, na u hutengwa na n kwa kijipinde tu kilichowekwa juu. Ila desturi yao iliyaandika majina ya kigeni kwa herufi za Kirumi za kawaida, kwa hivyo hata asiyejua mwandiko huo aweza kuanza na majina na kurudi kwenye maelezo baadaye kwa msaada wa ajuaye.

Mapadri Wakatoliki waliandika kwa Kilatini, na Kilatini hugeuza mwisho wa jina kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi, hata Josephus aliyeozwa akaandikwa Josephum. Mnakili aandike Josephum kama ilivyo, na katika safu ya pili aandike Josephus au Yosefu, asije akawazaa watu wawili kutoka kwa mmoja. Mwezi ulioandikwa 7bris si wa saba bali ni Septemba, na 8bris ni Oktoba, kwa kuwa majina ya miezi hiyo kwa Kilatini yametokana na saba na nane. Na tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa agizo la Papa Pius X lijulikanalo kwa jina la Ne Temere, paroko alitakiwa kuiandika ndoa pia katika daftari la ubatizo la waliooana. Ndiyo maana daftari la ndoa likiwa limepotea, pembezoni mwa daftari la ubatizo pana haki ya kutazamwa kwanza kabla ya kukata tamaa.

Majina ya Freretown na Rabai yanahitaji neno la peke yake. Waafrika waliotekwa, wakaokolewa baharini na kulelewa Nasik karibu na Bombay, walirudi pwani yetu wakiwa na majina ya Kiingereza, na miongoni mwao alikuwamo William Jones, aliyehudumu Rabai na kusafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda mwaka 1885. Mtafiti anayekutana na Jones au George kama baba wa bibi harusi asimwondoe katika ukoo wake kwa kudhani kwamba ni Mzungu. Kadhalika neno la kabila lililoandikwa kando ya jina lisomwe kwa hadhari. Mnyasa, kwa mfano, lilikuwa ni jina walilopewa watu wengi tofauti waliotoka pande za Ziwa Nyasa, na aliyelipewa huenda alijiita kwa jina jingine kabisa.

Sasa juu ya kazi yenyewe. Mikono iwe mikavu na safi, kalamu iwe ya risasi, na kidole kisitiwe mate kamwe kugeuzia ukurasa, maana wino wa kale wenye chuma umekwisha kula karatasi nyingi na unyevu kidogo humaliza zilizobaki. Picha ikipigwa, na ipigwe mara mbili, moja kwa mwanga wa juu na nyingine kwa mwanga wa ubavuni, ambao huonyesha mifereji ya kalamu hata pale wino ulipofifia. Kisha usianze na jina la bibi yako. Usomaji unaoanza na jina linalotamaniwa huliona kila mahali, na sijui sababu nyingine iliyoharibu nakala nyingi kuliko hiyo. Soma kwanza kurasa kadhaa za karani huyo bila kutafuta mtu, ukijitengenezea jedwali la herufi zake: alif yake inasimamaje, mimu yake inafungika au la, huandika tatu namna gani. Utaona kwamba mashahidi ni wale wale, watu wa mtaa mmoja na msikiti mmoja, wanaorudi ukurasa baada ya ukurasa. Na jina lisilosomeka leo hii katika ndoa ya Shaabani litasomeka wazi katika ndoa ya Rajabu, alipokuwa karani yule yule na kalamu mpya.

Pasiposomeka, andika kwamba hapasomeki na useme ni kiasi gani, neno moja au herufi tatu. Palipo na shaka, tia alama ya kuuliza ndani ya mabano ya mraba, na mabano hayo yasitumike kwa kazi nyingine. Kilichofutwa na karani kinakiliwe kuwa kimefutwa, kwa kuwa karani aliyeandika jina la walii akalikata na kuweka jingine ameacha habari. Kila mstari uwe na nambari ya daftari na ya ukurasa, ili anayekuja baadaye aweze kurudi alikosimama mwenzake. Leo wengi hunakili moja kwa moja katika jedwali la kompyuta, nayo ni njia nzuri ya kutafutia, lakini mjenzi wa jedwali atenge safu mbili kwa kila jina, moja ya kama lilivyoandikwa na moja ya kama linavyofahamika. Jedwali lenye safu moja humlazimisha mnakili kuamua kila mara, hata pale asipokuwa na haki ya kuamua.

Limebaki jambo zito kuliko nukta na tarakimu. Watu wa pwani tumelelewa katika sitara. Aibu ya nyumba haitandazwi barazani, na nasaba ni heshima inayolindwa. Mnakili anapofika mstari unaosema kwamba bibi wa ukoo unaojiita wa Kiarabu au wa Kishirazi alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, mkono wake husita, na wapo waliouruka mstari huo kwa kudhani kwamba wamesitiri. Mimi nakataa. Sitara ni kutotangaza, na kutotangaza kunawezekana bila kubadili herufi hata moja: nakala ibaki kamili mahali pake, na habari ipelekwe kwanza kwa wazee wa ukoo wenyewe, faraghani, wakaamua wao waiseme lini na kwa nani. Kuuruka mstari ni kumwua mara ya pili mwanamke ambaye hana karatasi nyingine duniani.

Tena aibu yenyewe haina msingi. Utumwa ulikomeshwa Unguja kisheria mwaka 1897, na masuria, ambao amri hiyo iliwaacha nje, walipata haki yao mwaka 1909; na masultani waliomfuata Seyyid Said, yaani wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walizaliwa na masuria, kama alivyozaliwa Sayyida Salme, ambaye mama yake alikuwa Mcherkasi. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa mwungwana kamili mwenye nasaba kamili. Jambo hili linamhusu mnakili kwa namna nyingine pia: suria hakufungiwa nikaha na bwana wake ila akiachwa huru kwanza, kwa hivyo anayetafuta ndoa ya babu na bibi yake asiione katika madaftari yote, ingawa ndoa za ndugu wengine wa babu ameziona, asidhani tu kwamba ukurasa umepotea. Awaulize wazee kwa upole bibi alikuwa nani.

Madaftari mengi hayamo katika nyumba za nyaraka. Yamo makabatini mwa misikiti, katika sakristia za parokia, na katika masanduku ya watoto wa makadhi waliokwisha fariki, ambako joto na unyevu wa pwani huyafanyia kazi kila masika. Aliye nalo mojawapo simwombi alitoe mikononi mwake. Namwomba aruhusu linakiliwe likiwa mbele ya macho yake, kwa masharti atakayoyataka yeye, na nakala ifanywe mbili, moja ibaki naye na moja ipelekwe katika Nyaraka za Taifa za nchi yake. Na kijana anayejua herufi za Kiarabu, ambazo watu wengi wa madrasa zetu wanazijua lakini hawajapata kuzitumia kwa kazi hii, ajitokeze akae na wazee kabla ya masika yajayo, maana wapo bado wanaoweza kusema shahidi huyu alikuwa nani na alikaa nyumba gani, na hao hawaandikwi upya wakishaondoka.